Namba Zikigongana: Njia Nne za Kusogeza Mistari Bila Kuvunja Sharti la Upekee

Ilikuwa Juni, msimu wa kupanda mlima umeanza kuchangamka, nami nimekaa kwenye ofisi ya kampuni moja ya utalii hapa Moshi mjini. Dada anayepanga safari alikuwa na wageni wa njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro waliolipia siku sita. Asubuhi hiyo wakaandika kuomba siku ya saba, ili walale kambi ya Karanga badala ya kutoka kambi ya Barranco moja kwa moja hadi ya Barafu. Kwa mpanda mlima huo ni uamuzi wa busara: Karanga iko karibu mita 4,000, na mwili unapata usiku mmoja zaidi wa kuizoea hewa nyepesi kabla ya kukikabili kilele cha mita 5,895. Kwenye mfumo ilipaswa kuwa kazi ya kubofya mara moja tu. Siku ya 4 iwe ya 5, ya 5 iwe ya 6, ya 6 iwe ya 7, halafu Karanga iingie pale palipoachwa wazi.

"Kaka, mfumo umegoma tena," akaniambia.

Nilipofungua kumbukumbu za seva nikakuta amri hii, na chini yake jibu la PostgreSQL, kanzidata (programu ya kuhifadhi data) ya mfumo ule:

```
UPDATE ratiba SET siku = siku + 1
WHERE safari_id = 214 AND siku >= 4;

ERROR: duplicate key value violates unique constraint "ratiba_siku_pekee"
DETAIL: Key (safari_id, siku)=(214, 5) already exists.
```

Neno lililonishika ni lile "tena". Kumbe wiki iliyotangulia alifanya jambo hilohilo kwa wageni wengine, mara ya kwanza likakataa, kwa safari nyingine likakubali. Amri ni ileile, jedwali ni lilelile, kanuni ni ileile. Hitilafu inayokuja na kuondoka namna hiyo huchosha kuliko ile inayogoma kila siku, kwa sababu mtu huanza kuutilia shaka mfumo mzima.

Makala haya ni kwa aliyekwama hapo. Zipo njia nne za kutoka, kila moja nimeitumia mahali fulani kati ya Moshi na Arusha, na hakuna hata moja ambayo ningempa kila mtu.

## Kwanza, kwa nini inagoma

Jedwali lile lina sharti la upekee juu ya `safari_id` na `siku` kwa pamoja: safari moja haiwezi kuwa na siku ya 5 mbili. Ukitazama matokeo ya mwisho ya amri, hakuna kinachogongana, maana 4, 5 na 6 zimekuwa 5, 6 na 7. Mgongano uko njiani. PostgreSQL, kama sharti halikutangazwa kuwa linaweza kuahirishwa, hukagua upekee kila mstari unapoguswa. Ikiushika mstari wa siku ya 4 na kuufanya wa 5, ule wa 5 bado upo palepale, haujasogea. Hapo inakataa, na amri nzima inaanguka.

Sasa fikiria ingeanza na mstari wa 6, ukafuata wa 5, wa mwisho ukawa wa 4. Kila mmoja ungekuta nafasi imeshaachwa wazi, na amri ingepita. Nani anaamua nani aanze? Mara nyingi ni jinsi mistari ilivyolala kwenye diski. Na mlalo huo haudumu, kwa sababu PostgreSQL haiandiki juu ya mstari wa zamani. Huandika toleo jipya la mstari mahali pengine penye nafasi. Safari iliyowahi kuhaririwa mara mbili tatu inaweza kuwa imelala kinyumenyume, nayo ikakubali. Safari mpya imelala kwa mfuatano wake, nayo ikakataa. Ndiyo siri ya lile neno "tena", na ndiyo sababu majaribio yako yanaweza kupita yote halafu mteja akapiga simu.

Kiwango cha SQL chenyewe, yaani lugha ya kuamuru kanzidata, kinasema upekee ukaguliwe mwisho wa amri. Kanzidata za Oracle na SQL Server hufanya hivyo, kwa hiyo anayetumia mojawapo ataona amri ile inapita bila neno. PostgreSQL katika hali yake ya kawaida, MySQL na MariaDB kwenye InnoDB (injini yao ya kuhifadhia data), pamoja na SQLite, hukagua mstari kwa mstari. Mifumo mingi midogo ninayoikuta kwenye ofisi za huku imejengwa juu ya hizo.

Kuna pia sura ya pili ya tatizo, ambayo watu huichanganya na ya kwanza. Niliwahi kutengeneza programu ndogo kwa kikundi cha akina mama wa sokoni wanaocheza mchezo wa kupeana fedha kwa zamu. Mama mwenye zamu ya 9 alitaka ya 3 ili apate ada ya shule kabla ya Januari, na mwenye ya 3 akakubali kwa roho safi. Hapa hakuna mtu anayesogea kwenda nafasi tupu, wawili wanabadilishana:

```
UPDATE zamu SET nafasi = CASE nafasi WHEN 3 THEN 9 WHEN 9 THEN 3 END
WHERE kikundi_id = 5 AND nafasi IN (3, 9);
```

Hii haitegemei bahati. Aanze yeyote, atamkuta mwenzake bado ameketi. Ni kama abiria wawili wanaotaka kubadilishana viti ndani ya Hiace iliyojaa: lazima mmoja asimame kwanza.

## Vigezo vya kupimia

Kabla ya kuzitazama njia, jiulize mambo matano, maana nitazipima zote kwa hayo.

Unatumia kanzidata gani? Hili linafuta baadhi ya njia kabla hata hujaanza kufikiri. Je, unasogeza tu, au kuna siku utahitaji kubadilishana? Uzito wa kazi ni kiasi gani: mistari saba ya ratiba, au laki moja ya orodha? Ni nini kingine kinachoegemea sharti hilo, kama vile ufunguo wa nje (safu ya jedwali jingine inayoelekeza kwenye mistari ya jedwali hili), au amri za kuingiza zinazotegemea mgongano ili zijue zisasishe? Na mwisho, nani atausoma msimbo huu wewe ukiwa haupo? Hapa kwetu kijana anayejenga mfumo mara nyingi huhama, akaenda Arusha au Dar, na anayebaki ni mtu wa ofisi pamoja na fundi wa kupita.

## Njia ya kwanza: kuahirisha ukaguzi

Unaiambia kanzidata isikague kila mstari, isubiri. Ni sawa na kondakta anayengoja abiria waketi wote ndipo ahesabu viti.

```
ALTER TABLE ratiba DROP CONSTRAINT ratiba_siku_pekee;
ALTER TABLE ratiba ADD CONSTRAINT ratiba_siku_pekee
  UNIQUE (safari_id, siku) DEFERRABLE INITIALLY IMMEDIATE;
```

Inafanya kazi wapi. PostgreSQL kuanzia toleo la 9.0 la mwaka 2010, na Oracle. MySQL, MariaDB na SQL Server hazina kitu hiki kwa upekee. SQLite inaweza kuahirisha funguo za nje, lakini upekee hapana.

Kusogeza na kubadilishana. Yote mawili, na hapa ndipo njia hii inapong'ara. Ila kuna ngazi mbili, na watu wengi huruka moja kwa moja kwenye ya pili bila kuihitaji. `INITIALLY IMMEDIATE` huifanya PostgreSQL ikague mwisho wa kila amri, yaani vile kiwango cha SQL kinavyotaka. Kwa amri moja inayosogeza siku tatu, au ile `CASE` ya zamu za akina mama, hiyo inatosha kabisa. `INITIALLY DEFERRED` huusogeza ukaguzi hadi muamala, yaani kundi la amri zinazokubaliwa au kukataliwa kwa pamoja, unapofungwa kwa `COMMIT`. Hiyo unaihitaji pale ambapo mfumo wako unatuma amri moja kwa kila mstari, jambo ambalo maktaba nyingi za kuunganisha programu na kanzidata hulifanya kimyakimya. Hata hapo napendelea sharti libaki la ngazi ya kwanza, na muamala unaohitaji zaidi useme wenyewe:

```
BEGIN;
SET CONSTRAINTS ratiba_siku_pekee DEFERRED;
-- amri moja moja za kusogeza
COMMIT;
```

Sababu yangu ni mahali hitilafu inapoibukia. Ukaguzi ukiahirishwa hadi mwisho, mgongano wa kweli hautaonekana kwenye amri iliyouleta. Utaonekana kwenye `COMMIT`. Programu nyingi hazitarajii kukataliwa pale. Nimeona mfumo ulioandika "Imehifadhiwa" kwenye skrini kabla ya kufunga muamala, na muamala ukakataliwa sekunde ileile. Mtumiaji akaondoka na amani, data haipo.

Uzito. Hakuna mstari unaoandikwa mara mbili, lakini ukaguzi wenyewe unakuwa mzito zaidi. Nyaraka za PostgreSQL zinaonya wazi kwamba unaweza kuwa wa polepole kwa kiasi kikubwa. Kwa ratiba za siku saba hutahisi chochote.

Inachogusa pembeni. Hapa soma kwa makini, maana ndipo njia hii inapoumiza. Katika PostgreSQL, ufunguo wa nje hauwezi kuelekea kwenye sharti la upekee linaloahirishika. Amri ya `INSERT ... ON CONFLICT` haiwezi kulitumia sharti kama hilo kuamua mgongano. Indeksi ya upekee iliyotengenezwa kwa `CREATE UNIQUE INDEX` haiahirishiki, na kwa hiyo upekee wa sehemu, kwa mfano ule unaohusu safari ambazo hazijafutwa tu, uko nje ya njia hii. Na kama ulivyoona kwenye amri za juu, sharti la upekee lililopo halibadilishwi papo hapo. Linaondolewa na kuwekwa upya, na wakati huo jedwali linafungwa. Lifanye usiku, si saa nne asubuhi wageni wakiwa wanalipia.

Inamfaa nani. Aliye kwenye PostgreSQL au Oracle, mwenye safu ya mpangilio ambayo haielekezwi na jedwali jingine, na anayetaka msimbo unaosomeka kama nia yake: sogeza, basi. Anayetumia Django, mfumo wa kujengea programu za wavuti kwa Python, atafurahi kujua kwamba tangu toleo la 3.1 anaweza kulitangaza hili ndani ya modeli yenyewe.

## Njia ya pili: kupitia namba za muda

Mmoja anasimama, mwingine anakaa, kisha aliyesimama naye anakaa. Unaipeleka mistari kwenye eneo lisilotumika, mara nyingi namba hasi, halafu unairudisha.

```
BEGIN;
UPDATE ratiba SET siku = -(siku + 1)
WHERE safari_id = 214 AND siku >= 4;

UPDATE ratiba SET siku = -siku
WHERE safari_id = 214 AND siku < 0;

INSERT INTO ratiba (safari_id, siku, kambi) VALUES (214, 4, 'Karanga');
COMMIT;
```

Fuatilia kwa kidole. Siku za 4, 5 na 6 zinakuwa -5, -6 na -7. Hakuna aliyekuwa hasi kabla, kwa hiyo hakuna wa kugongana naye. Kwenye hatua ya pili zinakuwa 5, 6 na 7, na wenye namba hizo wa zamani wameshaondoka. Karanga inaikuta 4 iko wazi. Kwa dada yule wa Moshi hii ndiyo niliyoiweka mchana uleule, maana sikutaka kuligusa sharti wakati ofisi imejaa wageni.

Inafanya kazi wapi. Kila mahali. Unaweza kuhama kutoka SQLite kwenda MySQL kwenda PostgreSQL nayo ikaendelea kufanya kazi bila kubadilishwa.

Kusogeza na kubadilishana. Yote mawili. Ya akina mama inakwenda vilevile: 3 na 9 zinageuka -9 na -3, kisha zinarudi chanya.

Uzito. Kila mstari unaandikwa mara mbili. Kwa PostgreSQL maana yake ni matoleo mawili mafu kwa kila mstari, yakisubiri kusafishwa. Mistari kumi si kitu. Orodha ya mistari laki mbili inayosogezwa mara kumi kwa siku ni habari nyingine.

Inachogusa pembeni. Safu isiyoruhusu hasi itakataa: aina ya namba isiyo na alama kwenye MySQL, au kanuni ya `CHECK (siku > 0)`. MySQL yenyewe ilianza kuisimamia kanuni ya `CHECK` kwa dhati kwenye 8.0.16, matoleo ya kabla yake yalikuwa yakiisoma na kuipuuza, kwa hiyo msimbo wa zamani unaweza kuanza kugoma siku unapoboresha seva. Ukikutana na hilo, tumia namba kubwa badala ya hasi, mathalani kuongeza 100,000 kisha kupunguza 99,999. Vichochezi vilivyo juu ya jedwali, yaani amri zinazojiendesha zenyewe mstari unapobadilika, navyo vitaamka mara mbili. Kama kimoja hutuma ujumbe kwa mteja kila siku inapobadilika, mteja atapata meseji ya "siku ya -5".

Hatari kubwa ni kuusahau muamala. Ndani ya muamala hakuna mwingine anayeziona namba hasi, na umeme ukikatika katikati kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Bila muamala, umeme ukikatika baada ya hatua ya kwanza, ratiba inabaki na siku za -5, -6 na -7. Na umeme hukatika.

Inamfaa nani. Aliye kwenye kanzidata isiyoahirisha, aliye na kanzidata zaidi ya moja, na yule ambaye sharti lake limeegemewa na mengine kiasi kwamba hawezi kuligusa. Pia anayejua kwamba fundi wa kesho atakuwa mgeni: amri mbili hizi, ukiziwekea maelezo mafupi juu yake, zinaeleweka na mtu yeyote.

## Njia ya tatu: kupanga nani atangulie

Walio nyuma washuke kwanza. Kama unaongeza moja, anza na namba kubwa kabisa. Kama unapunguza, anza na ndogo.

```
UPDATE ratiba SET siku = siku + 1
WHERE safari_id = 214 AND siku >= 4
ORDER BY siku DESC;
```

Inafanya kazi wapi. MySQL na MariaDB tu, kati ya tulizozitaja. `UPDATE` ya PostgreSQL haina `ORDER BY`. SQLite inaweza kuipokea ikiwa ilijengwa kwa chaguo maalumu na ukaiongezea kikomo cha `LIMIT`, lakini nyaraka zake zinasema mpangilio huo huchagua tu mistari itakayoingia kwenye kikomo, hauamui nani aguswe kwanza. Nasisitiza hili kwa sababu amri itakubalika bila malalamiko, nawe utaamini umepona. Wengine kwenye PostgreSQL hujaribu kupanga ndani ya kweri ndogo (swali lililowekwa ndani ya amri) na kutumaini mpangilio utaheshimiwa. Unaweza kuheshimiwa leo. Hakuna aliyeahidi kesho.

Unaweza pia kufanya mzunguko ndani ya programu, mstari mmoja baada ya mwingine kutoka juu kwenda chini. Hiyo ni halali popote, ila ni safari nyingi kwenda kwenye seva na kurudi.

Kusogeza na kubadilishana. Kusogeza, ndiyo, tena kwa usafi. Kubadilishana, hapana kabisa. Zamu ya 3 na ya 9 hazina wa kutangulia.

Uzito. Mwepesi kuliko njia mbili zilizotangulia, kwa kazi inayoiweza. Kila mstari unaandikwa mara moja, sharti linabaki la kawaida.

Inachogusa pembeni. Karibu hakuna. Kumbuka tu kwamba MySQL hairuhusu `ORDER BY` kwenye `UPDATE` inayogusa majedwali kadhaa kwa pamoja. Na usishawishike na `SET unique_checks=0`; ile ipo kuharakisha upakiaji mkubwa wa data, haikupi ruhusa ya kugonganisha.

Inamfaa nani. Mwenye MySQL au MariaDB ambaye kazi yake ni kuongeza na kuondoa katikati ya orodha, basi.

## Njia ya nne: kuacha nafasi

Badala ya 1, 2, 3, unahifadhi 1000, 2000, 3000. Karanga inaingia kwenye 3500, na hakuna aliyesogea. Namba anayoiona mgeni unaihesabu wakati wa kuonyesha:

```
SELECT ROW_NUMBER() OVER (ORDER BY mpangilio) AS siku, kambi
FROM ratiba WHERE safari_id = 214;
```

Inafanya kazi wapi. Popote. Hesabu ya `ROW_NUMBER` ipo PostgreSQL tangu 8.4, MySQL tangu 8.0, SQLite tangu 3.25. Kwenye toleo la zamani zaidi, hesabu ndani ya programu.

Kusogeza na kubadilishana. Kusogeza hakupo tena. Kubadilishana kunawezekana bila hila: mmoja anahamia nafasi tupu jirani na mwenzake, mwenzake anakwenda alikotoka yule. Ni amri mbili ndogo zisizogongana.

Uzito. Kuingiza katikati kunagusa mstari mmoja tu, hata orodha iwe ndefu vipi. Lakini nafasi huisha. Ukiacha pengo la 10 na kila mara ukaingiza mahali palepale kwa kugawa nusu, unaishiwa baada ya mara 3. Pengo la 1000 linakupa mara 9. Kwa hiyo lazima uwe na kazi ya kupanga upya mara mojamoja, na kazi hiyo yenyewe ni kusogeza mistari mingi yenye sharti la upekee. Yaani unarudi kwenye njia ya kwanza, ya pili au ya tatu, ila kwa nadra.

Inachogusa pembeni. Watu wawili wakiingiza kitu katikati ya majirani walewale kwa wakati mmoja, wote watachagua 3500. Mmoja atakataliwa. Huo si ubovu, hiyo ndiyo kazi ya sharti. Programu yako isome tena na ijaribu upya. Linalonisumbua zaidi ni watu. Mhasibu akifungua jedwali moja kwa moja akaona "mpangilio 3500", hatajua ni siku ya ngapi, na ripoti zote alizozoea kuzitoa kwa safu ya `siku` zitahitaji kuandikwa upya.

Inamfaa nani. Mwenye orodha ndefu inayopangwa kwa kuburuta na kidole: picha za hoteli, bidhaa za duka, kazi za timu. Namba pale ni ya mfumo tu, haina maana kwa binadamu. Kwa siku za mlimani, au zamu za mchezo ambako "mimi ni wa tisa" ni neno linalosemwa sokoni, naiona ni kujiongezea mzigo.

## Mbili nilizoziacha nje

Kufuta mistari yote ya safari na kuiingiza upya hukwepa mgongano. Inafaa kwa data isiyo na watoto. Lakini kama malipo au orodha ya vifaa imefungwa kwa ufunguo wa nje kwenye kila siku, kufuta kutakataliwa, au kibaya zaidi, kutawafuta na hao watoto.

Ya pili ni kuliondoa sharti lenyewe, na hii naieleza kwa sababu niliishuhudia. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye timu iliyofanya hivyo kwa mteja mmoja, nami sikupinga. Hitilafu ilitoweka siku hiyohiyo, tukapongezana. Baada ya muda safari moja ikawa na siku ya 4 mbili, moja Karanga na moja Barafu, kwa sababu mtu alibofya mara mbili mtandao ukiwa mzito. Orodha ya mpishi ilihesabu siku kwa namba kubwa kabisa, ikapata sita. Wapagazi wakapanda na chakula cha siku sita kwa wageni wa siku saba, na ilibidi kijana apandishwe na mzigo wa unga, mchele na mboga kuwafuata. Hakuna aliyelala njaa, lakini sijasahau sauti ya kiongozi wao kwenye simu. Tangu hapo, sharti la upekee kwangu ni la kubaki. Tunatafuta namna ya kupita nalo.

## Kulingana na hali yako

Uko kwenye PostgreSQL, jedwali ni jipya, hakuna ufunguo wa nje unaoelekea kwenye mpangilio wala `ON CONFLICT` inayoutegemea: tangaza sharti linaloahirishika la `INITIALLY IMMEDIATE` tangu mwanzo, na andika kusogeza kwako kwa amri moja.

Uko PostgreSQL lakini mfumo ni mkongwe na hujui nani anaegemea nini: namba za muda ndani ya muamala. Usianze kung'oa masharti kwenye mfumo unaoingiza fedha.

Uko MySQL au MariaDB na unasogeza tu: `ORDER BY`. Siku watakapoomba kubadilishana, ongeza namba za muda kwa kazi hiyo peke yake. Hizo mbili zinaishi pamoja bila ugomvi.

Programu yako inaishi kwenye simu juu ya SQLite, kisha inatuma data kwenye seva ya aina nyingine: namba za muda pande zote mbili, ili mantiki iwe moja.

Orodha yako ina maelfu ya mistari na inaburutwa siku nzima: acha nafasi, na panga upya usiku.

Kama ni Oracle au SQL Server, amri yako moja itapita kama ilivyo. Ila ukihamisha mfumo kwenda PostgreSQL au MySQL, kama ofisi nyingi zinavyofanya ili kupunguza gharama za leseni, zitafute kwanza `UPDATE` zote zinazogusa safu zenye upekee, maana zilikuwa zikibebwa na kanuni ambayo huko unakokwenda haipo kwa kawaida.

Na ukijaribu njia yoyote, ijaribu kwa mistari iliyoingizwa kwa mfuatano wa kupanda, kisha iliyoingizwa kinyume, kisha iliyohaririwa mara kadhaa. Ile ya Moshi niliijaribu hivyo, na dada yule akaniangalia nikiongeza na kuondoa Karanga mara kumi mfululizo kabla hajakubali kuwaandikia wageni wake kwamba siku ya saba ipo.